Waridi Lililoshushwa kwa Siku Moja

Sogeeni karibu, wanangu wawili, wewe Bwana Kesho usisimame hapo mlangoni kama mpangaji aliyekuja kuomba chumvi. Kaa. Leo nasema mara moja tu, na pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kupimwa kwa kijiko, kwa hiyo asinikatize mtu mpaka nimalize, hata wewe dada yake, Jemadari, ambaye tangu ulipovaa sare ya unesi unadhani kila aliyelala ni mgonjwa wako na kila aliyesimama ni mfagiaji wako. Nawatania, wanangu. Siku nikiacha kuwatania mjue nimekwisha.

Kwanza zimeni hiyo feni. Mnasema imezimwa, haya, basi nifunikeni miguu. Macho yangu mnayajua, mtoto wa jicho ameyashika yote mawili, sioni ila mwanga na kivuli, na tangu Jemadari aliponichoma ile sindano ya usingizi ili kifua kipumzike, hata masikio yamekuwa ya kuazima. Ukitembea, Bwana Kesho, viatu vyako navisikia vinagonga kama kuna mtu anapiga hodi chini ya kitanda. Labda ndivyo kufa kulivyo. Labda baridi huanzia miguuni hata katika nyumba kama hii, ambayo saa saba mchana ukigusa ukuta kiganja kinaungua.

Sikilizeni sasa. Nyumba hii ya chini, ya joto, na bustani yake yote, bogenvilia ya ukutani, krotoni, asumini ya dirishani kwangu, ni yako wewe Bwana Kesho, kwa sababu wewe ndiye uliyezaliwa na jasho na hukuwahi kulilalamikia. Nyumba ya juu, ya mlimani, aliyoniachia dada yangu, mama yenu mkubwa, yenye madirisha ya vioo na sakafu ya mbao na mawaridi yake, ni yako Jemadari, na mtunza bustani aliyeko kule abaki, maana anajua kufunika maua kabla jalidi, ule umande wa kuganda, haijashuka. Cherehani na vyombo gawaneni bila kununiana. Mashine yangu ya taipu, niliyopigia hukumu za watu mahakamani miaka thelathini, mpeni yeyote anayejua kuandika bila kosa, na kama hayupo izikeni.

Kibanda cha nusu njia hakigawanywi. Najua kuna mtu wa gereji ameshakitolea macho, na najua Jemadari alimkaribisha chai. Kibanda kile, na kiwanja chake pale kwenye kona ambapo zamani mabasi yalisimama kupoza injini, hakiuzwi, na nikiwaeleza kwa nini ndipo mtakapojua nimekuwa nikificha nini miaka yote hii.

Babu yenu, baba yangu, alikuwa mtu wa maua kama wengine walivyo watu wa mpira. Alikuwa na nyumba mbili, na tamaa yake ilikuwa kuona cha juu kinachanua chini na cha chini kinachanua juu. Wenzake walicheka, maana mche wa mlimani ukiteremshwa kwenye joto hunyauka kabla ya wiki. Yeye akajenga kibanda katikati ya safari, kuta za fito na paa la nyavu, akaweka humo mitungi miwili, mmoja wa maji ya juu na mmoja wa maji ya chini. Mche wowote uliosafiri ulilala kibandani siku saba. Siku ya kwanza ulinyweshwa vikombe sita vya maji ya kwao na kimoja cha maji ya kule unakokwenda, siku ya pili vitano na viwili, hivyo hivyo, mpaka siku ya saba ukanywa vyote saba vya ugenini. Hapo ndipo uliruhusiwa kuendelea. Tulimuuliza kwa nini asiufikishe siku ileile, safari yenyewe ni ya kutwa moja tu kwa gari, akasema mmea ukikimbizwa yanafika majani peke yake, mizizi inabaki nyuma inaulizana.

Dada yangu alibaki juu, akawa mwalimu wa hesabu, hakuolewa, na wanafunzi walimwogopa kuliko mvua ya mawe. Mimi niliolewa huku chini. Tulitumiana miche kupitia kibanda kile miaka na miaka, na kwa utaratibu ule wa baba yeye alikuwa na krotoni nyekundu iliyositawi nyuma ya kioo huku nje nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi, nami nilikuwa na yungiyungi jeupe kwenye kivuli cha tangi la maji, na watu walikuja kulitazama wakidhani ni la plastiki. Tuligombana kwa barua juu ya mbolea. Nilimpenda, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia.

Akaugua kifua. Daktari wa kule akasema hewa ya joto itamsaidia, aletwe kwangu. Nyie mlikuwa shule ya bweni, mliambiwa tu kwamba mama mkubwa alikuja akafia kwetu, na mlipoona kaburi mkaridhika. Leo nawaambia yaliyobaki.

Nilikodi gari nikamfuata mwenyewe. Alikubali kuondoka kwa sharti moja, kwamba atabeba waridi la dirishani kwake, lile jekundu lililozeeka, nalo likakaa kwenye mapaja yake ndani ya chungu, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa dhaifu lakini akili yake ilikuwa timamu. Tulipofika kwenye kona ya kibanda akaweka mkono begani kwa dereva akasema, "Tushuke hapa."

Nikamuuliza tushuke kufanya nini. Akasema tulale siku saba, yeye na waridi lake, anywe maji kwa zamu kama baba alivyofundisha. Nami nikacheka, wanangu. Nikamwambia, "Dada, wewe si mche," na dereva naye akacheka, tukapita.

Sasa nitawaambia nilichokuwa nakikimbilia, maana nikiondoka nacho kitanichoma. Kesho yake kamati ya chama cha wapenda bustani ilikuwa inakuja kukagua bustani yangu kwa shindano la mwaka. Nilitaka kufika mapema nimwagilie. Basi. Hakukuwa na jambo jingine la haraka duniani.

Tulifika jua linazama, yeye amelala. Alipoamka nikamweka kwenye kiti karibu na dirisha, akatazama nje, akaniuliza kwa nini sijawasha moto. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kope, na bado anasugua viganja. Akaniambia niende nikafunike maua kwa magunia, jalidi inashuka leo, ameiona angani. Nikamwambia hii ni nyumba ya chini, dada, huku hakuna jalidi. Akanitazama kwa upole, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyekosa jumla ndogo, akasema, "Umechoka na safari. Tuko nyumbani."

Asubuhi nilikuta bustani yote imefunikwa. Kila krotoni na gunia lake, asumini imevishwa shuka, hata yungiyungi limezungushiwa taulo na kufungwa kwa utepe kwa lile fundo la dada yangu, fundo la kupita mara mbili. Yeye alikuwa palepale kitini, na miguu yake haikuwa na nguvu ya kufika hata mlangoni. Nikajisemea ni mzaha wa mshindani wangu. Nikafunua haraka haraka, kamati ikaja na kamba zao za kupimia, wakasifu, wakanikabidhi kikombe cha shaba, nikaingia nacho ndani nikimwita aone. Alikuwa ameshakata roho. Dirisha nililoliacha wazi lilikuwa limefungwa, na mkono wake ulikuwa bado uko kwenye komeo.

Tukamzika. Jioni ya mazishi, watu hawajamaliza kukunja mikeka, nikaenda nyuma ya nyumba nikakuta maua yamefunikwa.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi na tisa, na hakuna jioni hata moja aliyoruka. Nilichoma magunia yote, akatumia mapazia. Nilificha mapazia, akatumia nguo zenu za shule. Bwana Kesho unakumbuka ulivyochapwa siku ya kurudi bweni kwa kutoka kifua wazi, na shati lako likaonekana juu ya jeraniamu limefungwa vifungo mpaka shingoni? Nisamehe ile fimbo. Katika miezi ya joto kali, wakati hata mijusi inatafuta kivuli, tulikuta madirisha yamefungwa na nyufa zimezibwa kwa karatasi. Nyie mlidhani ni mimi natembea usingizini. Jemadari uliwahi kunifunga mguu kwenye kitanda kwa mtandio, ukalala sakafuni unanilinda, na kulipopambazuka mtandio ulikuwa bado umenibana na maua yamefunikwa. Uliutazama mguu wangu, ukatazama dirishani, na hukuuliza tena. Tangu hapo ulianza kuzungumza kwa sauti ya amri, na mimi najua kwamba ile ni sauti ya hofu.

Hajui, wanangu. Hana ubaya na mtu. Alifika majani peke yake, na hajui kwamba amehama wala kwamba amekufa. Anaamini yuko juu, na kila jioni anaokoa maua yake kutokana na baridi isiyokuwepo.

Waridi lake nalo ni vilevile. Nililipanda barazani katika chungu kilekile, sasa kimepasuka na mizizi imetoboa sakafu. Halikufa. Kila mwaka linatoa matumba, mengi, mekundu, yamevimba vizuri, na hakuna hata moja lililowahi kufunguka. Yanakauka yakiwa yamefumba. Miaka kumi na tisa! Na asubuhi katikati ya kiangazi ukiligusa, majani yake yana umande, tena umande wa baridi unaouma vidole.

Mtaniuliza kwa nini sikulirudisha kibandani nikalilaza siku zake saba, pengine naye angejua akapumzika. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la barabarani, kwa sababu la barabarani nililifanya kwa haraka na hili nimelifanya kwa makusudi. Baba yenu alipofariki na nyie mkatawanyika na kazi zenu, nilibaki na nyumba na mwangwi wake. Na kila jioni palikuwa na mtu. Nilianza kumwachia magunia yaliyofuliwa, nimeyapanga vizuri kwenye ngazi. Nilimweleza habari za mchana, nani kafa, nani kaoza binti. Nilimzoea. Nilijua njia ya kumwachilia nami nikamweka, kama mtu anavyomweka ndege, kwa sababu niliogopa jioni zangu.

Bwana Kesho, inuka. Nenda barazani, kwenye chungu kilichopasuka, unikatie tumba moja la lile waridi. Nataka kulishika ninaposema haya yanayofuata, ili naye asikie. Sasa hivi, si baadaye.

Ameenda. Jemadari, mbona unavuta kamasi, unalia? Usilie bado, kuna kazi. Nataka nife sawasawa. Najua una mpango wa kunipeleka juu kwenye hospitali yenu. Uliutaja wiki ile ukidhani nimelala, kwamba hewa ya kule ni nyepesi, kwamba kifua hiki hakiliwezi joto. Sikatai. Nipelekeni. Lakini nipumzisheni kibandani siku saba, na mninyweshe vile vikombe, sita na kimoja, vitano na viwili, usikosee hesabu, na waridi liwe pembeni yangu nalo linanyweshwa. Nikifia hapo, nizikeni hapohapo. Nisipofia hapo, nitafika nikiwa mzima, mwili na mizizi. Nililomfanyia dada yangu msinifanyie mimi. Ndilo ombi langu peke yake. Mengine yote niliyoyasema ni vyombo tu.

Umerudi upesi, Bwana Kesho, leo umenishangaza. Lete mkononi.

Hili ni ua.

Nimesema tumba. Hili limefunguka, petali zake ni pana, zimelegea, linanukia. Umelikata wapi? Waridi la barazani halijafunguka hata mara moja, mwanangu, na wewe usingeweza kulijua hilo kwa sababu nilikuwa nayakata yaliyokauka yakiwa yamefumba kabla hamjaja likizo. Nipe mkono wako. Hii ni sufi. Umevaa sweta, na mikono yako ni ya baridi kuliko yangu. Gonga mguu chini. Gonga tena.

Sakafu ya mbao.

Basi haikuwa feni.

Msilie wote kwa pamoja, sisikii. Mlinileta lini? Jana. Jana, asubuhi mpaka jioni, nikiwa nimelala. Kwa siku moja. Jemadari, usipige magoti, simama, mimi pia daktari aliniambia, mimi pia nilikuwa nataka kumwokoa mtu. Tofauti ni kwamba mimi niliambiwa joto na wewe umeambiwa baridi. Sikulaumu. Ningekueleza haya mapema usingefanya hivi, nami niliyafungia kifuani miaka kumi na tisa, sasa kifua kimejaa unakitafutia dawa.

Lakini niambieni jambo moja. Pale kwenye kona mlipunguza mwendo? Sema, Bwana Kesho. Sema kwa sauti, usinong'one na sweta lako.

Unasema nilikuwa nimelala fofofo tangu tulipoondoka, na tulipoikaribia kona ya kibanda nikainua kichwa, macho yamefumba, nikasema, "Tushuke hapa." Unasema ulikanyaga breki. Na dada yako akasema mama anaota, twende, giza litatukuta.

Sikumbuki. Sikumbuki kabisa.

Haya. Sikilizeni vizuri zaidi, maana sauti inaniishia na sijui nina muda gani wa kujua niko wapi. Sasa hivi najua. Niko nyumba ya juu, kitanda cha dada, na yeye yuko nyumba ya chini, amekaa karibu na dirisha langu. Tumebadilishana, kila mmoja yuko kwa mwenzake. Mimi nikiondoka hivi nilivyo, nitafanya kama yeye. Kila jioni mtunza bustani atafunika mawaridi, na asubuhi mtakuta magunia yamekunjwa vizuri kwenye ngazi, na maua yameungua kwa jalidi, meusi. Mtakuta madirisha yote wazi na watoto wako, Jemadari, wanakohoa. Mtakuta nimemwagilia maji usiku kucha na yameganda njiani. Msinichukie. Nitakuwa nadhani nayaokoa.

Kwa hiyo fanyeni leo. Bwana Kesho, kwa mara moja katika maisha yako, leo. Wewe shuka uvunje sakafu ya baraza, ulitoe waridi na mizizi yake, ulilete mpaka kibandani. Jemadari, wewe uniteremshe mpaka palepale, mzima au maiti. Beba maji ya hapa. Yeye alete maji ya kule. Tuwekwe karibu, mimi na waridi, siku saba... mimi na yeye tunakutana njiani, kila mmoja anatoka alikokosea. Hesabu za vikombe msikosee, mwenzangu ni mwalimu. Na kile kikombe cha shaba kilichoko kabatini... kitupeni. Au tunywesheni kwa hicho. Ndiyo. Tunywesheni kwa hicho.

Na wenye gereji wasipewe.

Njooni vichwa vyenu hapa. Huyu ni nani, huyu ni mkubwa. Mungu akupe sauti ya chini, mwanangu, na watu waisikie. Na wewe, Mungu akupe leo yako. Mpendane mbele ya macho, msingoje kupendana kwa barua. Bustani zenu zichanue, na mtu akiwaambia tushuke hapa, shukeni, hata kama nyuma yenu watu wanapiga honi. Nimewaachia radhi zangu zote, sikubakiza... sikubakiza hata...

Nipeni maji. Hayo ni ya wapi? Haidhuru.

Washeni gari. Mbona hamwashi gari?

Mnifunulie kidogo. Hili blanketi la nini jamani, nalowa jasho. Bwana Kesho, fungua dirisha, mwanangu, na hiyo feni nani kaizima? Fungua yote. Halafu nenda nje ukanitolee yale magunia, dada keshapita... ukamwagilie krotoni kabla jua halijawa kali.